Kitabu cha rangi za Cherbourg: sehemu ya pili imekamilika

Nimemaliza kupaka sehemu ya pili ya Les Parapluies de Cherbourg (Miavuli ya Cherbourg), filamu ya Mfaransa Jacques Demy ya mwaka 1964. Kwa anayeanza kufuatilia leo: kila onyesho nalisimamisha, halafu kwa rangi za maji napaka mistari mitatu daftarini. Mmoja wa ukuta, mmoja wa nguo, mmoja wa kitu kilichoshikwa mkononi.

Kisa chenyewe husimuliwa kwa pumzi moja. Geneviève, binti wa mwenye duka la miavuli, anapendana na Guy, fundi wa gereji. Guy anaitwa jeshini, anapelekwa Algeria vitani. Geneviève ana mimba, barua ni za nadra, na Roland Cassard, mfanyabiashara wa vito, anakuja kuposa. Kila neno linaimbwa, hata maongezi ya gereji, kwa muziki wa Michel Legrand.

Sehemu hii ya pili ndiyo iliyonikamata. Kuna mahali Geneviève, tumbo limeshaonekana, amevaa gauni la maua mbele ya ukuta wa maua, na nilipopaka, mstari wa nguo ukawa uleule wa ukuta. Nikakaa nautazama ukurasa ule muda mrefu. Mama bado anambembeleza amkubali Roland, binti bado anasema anamngoja Guy, lakini nyumba imeshamchukua. Bernard Evein, aliyebuni mandhari, anaonyesha majaliwa kwa karatasi za ukutani tu, na mimi sijaona filamu nyingine iliyothubutu hivyo.

Halafu kuna chakula cha sikukuu ya Tokeo la Bwana. Wafaransa hukata keki iliyofichwa kitu kidogo ndani. Atakayekipata huvaa taji la karatasi na kumchagua mwenzi wake wa kifalme. Geneviève anakipata. Mezani wapo yeye, mama yake na Roland. Achague nani? Ule ni mchezo wa sikukuu, na ndoa yake inaamuliwa palepale, taji la dhahabu likiwa kichwani. Ukurasa huo nimeurudia hadi dhahabu ikakaa sawa: hudhurungi kidogo chini, njano juu yake ikishakauka.

Kuhusu nakala: natumia ile iliyorekebishwa chini ya usimamizi wa Agnès Varda, mjane wa Demy. Filamu za rangi za miaka ile hufifia, na kupaka kutoka nakala iliyochujuka kungeufanya mradi wote usiwe na maana.

Sasa naingia sehemu ya tatu. Guy amerudi akichechemea, duka limeuzwa, naye anamwoa Madeleine. Onyesho la mwisho ni Desemba 1963, theluji inaanguka kwenye kituo cha mafuta cha Esso, Guy na Geneviève wanakutana kwa dakika chache. Binti wa Geneviève anaitwa Françoise, mtoto wa Guy anaitwa François: jina walilokuwa wamelipanga wakiwa wapenzi limetimia katika nyumba mbili. Hapo ndipo machozi hunitoka, kila mara.

Kwenye rangi za maji weupe haupakwi, huachwa. Kwa hiyo kwa theluji ile nitabandika utepe kwanza, nipake usiku kuuzunguka, kisha niubandue. Nimeshaanza kuijaribu njia hiyo kwenye vipande vya karatasi nzito, na kingo zinatoka safi.