Hatimaye udongo umekubali jembe

Jamani, leo huku Minnesota jua limetoka la maana. Nimevaa mabuti, nimeingia bustanini.

Nyanya na pilipili bado zimo ndani, dirishani, maana jalidi ya usiku huweza kurudi hadi katikati ya Mei. Mchicha nao usubiri, udongo wa baridi hauuwezi.
Sukuma wiki ndiyo haijali. Nimeihamishia nje.

Kabla ya kulima nilifinya udongo kiganjani. Ukishikamana bado una maji. Ukiulima hivyo, utakauka uwe kama matofali. Leo nimeligusa lile donge kwa kidole gumba, likasambaratika lenyewe. Nimecheka kwa sauti, jirani akachungulia!

Waridi nimekata matawi yaliyokufa tu.

Ila kilichonishika ni upande wa peoni, yale maua yanayochipua upya kila mwaka. Nimeondoa majani makavu, chini yake machipukizi mekundu yamesimama wima. Majira yote yale ya theluji, na yalikuwepo!
Nimechuchumaa hapo mpaka chai imepoa.

Haya, mnaoishi kwenye baridi: mchicha mnausia lini?
Na nani ana mbegu za mnavu anigawie? Nitalipa kwa sukuma.