PMP: saa 60 zimetimia, cheti kinagoma kuhuishwa

Cheti cha PMP, cha wasimamizi wa miradi kinachotolewa na taasisi ya PMI, huhuishwa kila miaka 3 kwa pointi 60 za PDU, yaani pointi za kujiendeleza kitaaluma. Saa 1 ya mafunzo ni PDU 1. Hapa saa 60 zilisomwa kweli, lakini akaunti ya PMI ikaendelea kuonyesha pengo. Kosa lilikuwa kwenye mgawanyo: mbinu za kazi 57, stadi za watu 3, biashara sifuri. Kila kundi linadai angalau 8.

Dawa ilikuwa saa 13 mpya: 5 za uongozi na mawasiliano, 8 za mkakati na biashara. Unapojaza fomu, usimwage kozi nzima kwenye kisanduku kimoja, maana visanduku ni vitatu, kimoja kwa kila kundi, na vinapokea hata 0.25, yaani dakika 15.

Kutegemea uzoefu wa kazini hakufiki mbali: mwisho ni PDU 8, na elimu lazima ifike 35. Hati za mahudhurio zitunze miezi 18 baada ya mzunguko kuisha, ukaguzi wa PMI huweza kuja bila taarifa. Halafu lipa ada; pointi zikijaa bila malipo, cheti hakijahuishwa. Wengi hukwama hapo.