Mgomba, kostiki soda na sufuria la mama

Nilitaka kutengeneza karatasi kwa selulosi ya mgomba, yaani zile nyuzi nyeupe ambazo ndizo karatasi yenyewe. Aliyeniambia "we chemsha na majivu tu, bibi zetu walifanya hivyo", sijui bibi zake walikuwa wanapika nini, lakini selulosi haikuwa. Nilipoteza Jumamosi mbili. Majivu nilichuja vizuri, maji yake yakateleza vidoleni kama sabuni, nikajiona nimeshafika. Nikapika makapi ya mgomba tangu asubuhi mpaka watu wanarudi kutoka mjini. Yalilainika kweli, ila ukiyavuta bado ni kamba, yangefaa kufungia mbuzi. Magadi ya kulainishia maharage nayo yaliniachia hapo hapo.

Karatasi yenyewe niliitaka kwa kadi za kipaimara. Huku Uru, mlimani Kilimanjaro, mkungu ukishavunwa, mgomba unakatwa, ng'ombe anakula, unaobaki unaozea kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Malighafi ya bure, nikawaza. Mama aliponikuta napasua vigogo aliuliza, "Na hayo unampikia nani? Ng'ombe anayala mabichi."

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani selulosi ndiyo inayotolewa. Hapana. Unachotoa ni vingine vyote, hasa lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi. Selulosi ndiyo inayobaki kwenye chujio. Mfaransa Anselme Payen aliitambua mwaka 1838 baada ya kuupa mti asidi ya naitriki na kisha alkali, kitu cha jamii ya yale maji ya majivu. Mimi asidi hiyo ningeitoa wapi? Nikabaki na alkali kali, kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Nilinunua sokoni Mbuyuni, kilo moja kwa shilingi 5,000 hivi. Mama muuzaji akanitazama viatu: "Mwanangu, hii na ndala haviendi pamoja." Nilirudi nyumbani nikavaa mabuti ya baba, glavu na miwani. Na soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimwagia maji juu ya soda itakurukia usoni.

Sasa sufuria. Mama ana sufuria kubwa la alumini, la pilau ya misiba, majirani huja kuliazima. Nikaona ndilo saizi yangu. Nikaweka nyuzi, nikamimina maji ya soda, na kabla hata kuni hazijashika vizuri, likaanza kuchemka. Nilifurahi jamani! Nikamwita mdogo wangu aje aone kemia inavyofanya kazi. Povu likapanda, la kijivu, likazidi kuwa jeusi, likamwagika pembeni. Mimi bado nachekelea. Kilichonishtua ni moto kufanya tsss, ukafanya tena tsss. Nikainama kuchungulia: maji yanadondoka kutoka kwenye kitako cha sufuria, matundu madogo madogo kama ya chekecheke.

Kumbe soda ilikuwa inakula alumini, mgomba haina habari nao. Kinachotoka pale ni haidrojeni, gesi inayoshika moto, na mimi nimesimama juu ya kuni na mdogo wangu pembeni. Hili nililisoma kidato cha sita, likaulizwa hata kwenye mtihani. Nilipata C.

Fundi wa kuchomelea akanikatia nusu pipa la chuma, elfu ishirini na kitu, au thelathini, nililipa kwa mafungu. Chuma hakina tatizo na soda. Kwa kilo 1 ya nyuzi kavu natia gramu 150 za soda kwenye lita kama 10 za maji, kwa muda wa saa tatu, moto wa wastani. Kilo 1 kavu si mchezo, maana mgomba karibu wote ni maji. Maji hugeuka meusi kama kahawa iliyokolea, hiyo ndiyo lignini inaondoka. Nikaambiwa niongeze soda mara mbili ili iwahi. Niliongeza, nikapata uji: selulosi yenyewe ikaanza kukatika, karatasi ikachanika kwa kuishika tu.

Msinijaribie maranda ya fundi seremala. Nilipika ya msonobari siku nzima, jioni yakawa maranda yaliyolowa. Msonobari umejaa lignini, na viwandani mbao hupikwa kwenye mitungi iliyofungwa, kwenye nyuzijoto 170 hivi, soda ikichanganywa na salfaidi, kemikali yenye salfa. Pipa langu liko wazi, tena huku mlimani maji huchemka kabla ya kufika 100.

Ninachojivunia hasa ni kusuuza. Soda ikibaki, karatasi inakuwa ya njano, na karatasi za kupimia kama soda imeisha sikuwa nazo. Nikachemsha rosela, ile ya juisi. Unadondoshea juisi yake kwenye kikombe cheupe chenye maji ya suuzo: mara ya kwanza ilikuwa kijani kama mchicha, maana soda bado imo. Pembeni naweka kikombe cha maji ya bomba matupu, nayo yamedondoshewa. Nasuuza mpaka vikombe viwili vifanane. Ilichukua ndoo tisa. Jiki kidogo ya kung'arisha huja mwisho, na isikutane na siki hata kidogo, gesi yake inaua mapafu. Wapo wanaoloweka makapi mabichi kwenye jiki moja kwa moja. Jiki inaisha kupigana na lignini, nyuzi zinabaki za njano na dhaifu.

Maji meusi siyamwagi kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, majirani wangenifuata na mapanga. Nayapikia tena fungu linalofuata, nikiongeza soda kidogo.

Kadi 40 za kwanza zimeshachukuliwa. Sufuria jipya bado sijanunua. Lile la zamani mama amepandia vitunguu vya majani, na anasema hajawahi kuwa na chombo kinachopitisha maji vizuri namna ile.