Mashine ya maji ya chombo: majaribio ya Nairobi kabla ya kaskazi

Hali ya mradi wiki hii: mashine ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari imeunganishwa yote, imeendeshwa mara nne kwenye gereji hapa Nairobi, na imetoa maji yanayonyweka. Chombo chenyewe cha baharini, cha futi 36, kinasubiri Kilifi, ndani ya hori. Lengo ni kufunga mashine kabla upepo wa kaskazi haujashika mwezi wa Desemba, kisha kushuka nayo Pemba, Unguja na Mafia.

Hesabu ya maji ndiyo iliyozaa kazi yote hii. Familia ya watu wanne: lita 20 kwa siku za kunywa na kupika, na nyingine 20 za kuoga na kusuuza vyombo vilivyokwisha kuoshwa kwa maji ya bahari. Matangi yanabeba lita 240, yaani siku sita. Siku sita si nyingi. Kusini ya Malindi mkondo wa bahari huelekea kaskazini mwaka mzima, hata upepo wa kaskazi unapovuma kinyume chake, kwa hiyo safari ya kushuka huchukua muda kuliko ramani inavyoonyesha. Na visiwa vidogo vingi visima vyake ni vya maji ya chumvichumvi.

Vifaa: pampu ya bastola tatu ya mashine ya kuoshea magari, lita 10 kwa dakika, mota ya umeme ya kilowati 1.5, utando wa kuchujia wa inchi 2.5 kwa 40. Filta ya mikroni 20 ikifuatwa na ya mikroni 5. Geji ya shinikizo ya bar 100. Valvu ya sindano ya kubania maji yanayotoka. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na yanahitaji karibu bar 55 ili maji yapenye utando na chumvi ibaki. Pampu za kuoshea magari nyingi huja na valvu yake ya kurudisha maji. Hiyo imetolewa, na mahali pake pana valvu ya usalama inayofunguka kwa bar 65, kwa sababu utando wenyewe haustahimili zaidi ya bar 69.

Bahari ya kujaribia ni pipa. Lita 100 za maji na kilo 3.5 za chumvi ya mawe, ikorogwe mpaka isisikike ikikwaruza chini. Maji matamu yanayotoka na yale ya chumvi kali yote hurudi pipani, la sivyo chumvi huzidi kukolea na shinikizo linapanda bila kuguswa. Pampu pia hupasha maji joto, karibu nyuzi 4 kwa dakika 20, kwa hiyo kila jaribio limekomea dakika 20. Valvu huwa wazi kabisa wakati wa kuwasha, kisha hubanwa polepole: dakika moja na nusu kutoka sifuri hadi 55. Kupandisha ghafla kunaweza kuuponda utando ndani ya ganda lake.

Jagi la lita moja lilijaa kwa sekunde 80. Hiyo ni lita 45 kwa saa, maji ya pipa yakiwa nyuzi 19. Kila nyuzi moja ya joto huongeza takriban asilimia 3, hivyo kwenye bahari ya nyuzi 27 tunatarajia lita 57 hivi. Nairobi inadanganya kwa njia nyingine pia. Hapa juu, karibu mita 1,800, hewa ina nguvu ya asilimia 82 tu ya ile ya ufukweni, na pampu inapata taabu kuvuta. Iliwekwa mezani pipa likiwa sakafuni, ikalia kama inatafuna kokoto. Iliposhushwa chini ya usawa wa maji na kusaidiwa na pampu ndogo ya volti 12, ilinyamaza. Chomboni itakaa chini ya mstari wa maji vilevile.

Uvujaji mdogo hauonekani mashine ikiwa imelowa. Iache ikauke usiku, na asubuhi kila ungio linalovuja lina pete nyeupe ya chumvi. Tulipata matatu. Mipira ya kupitishia maji ya shinikizo, iliyobanwa ncha zake Industrial Area, ni mizuri, ila ncha zake za chuma cha zinki ziliota kutu siku ya tatu. Zote zinabadilishwa kuwa stenlesi ya 316. Ile ya 304 haitoshi, na sumaku haiwezi kuzitofautisha, kwa hiyo nunua yenye namba iliyochongwa.

Umeme: inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uifae mota, ilizima mara mbili wakati wa kuwasha. Betri ya lithiamu ya ampia-saa 280 haikuwa na kosa. Waya wa milimita mraba 16 ndio uliopoteza zaidi ya volti 1.3 pale mota ilipovuta ampia 400 kwa sekunde chache. Kwa waya wa 50 upotevu ni volti 0.4, na sasa inawaka bila shida. Ikishatulia hula ampia 115 hivi. Dakika 40 kila siku ni ampia-saa 77, na friji bado haijahesabiwa. Paneli mbili za wati 200 zitaponea chupuchupu siku za jua na kushindwa siku za mawingu. Ya tatu inahitajika.

Jambo linaloharibu mashine nyingi kabla hazijaonja bahari ni maji ya mfereji. Maji ya jiji yana klorini, nayo huula utando kimyakimya. Shinikizo linabaki sawa, ila chumvi inaanza kupita. Maji ya mfereji ya kusafishia utando yanapitia filta ya makaa, isiyozidi lita 4 kwa dakika, maana maji yakienda kasi klorini hupenya. Pima yanayotoka kwa karatasi za kupimia klorini ya bwawa la kuogelea. Zikibadilika rangi, simamisha. Maji ya mvua ya paa safi ni bora zaidi.

Kwa safari ya Kilifi utando usikauke. Ganda limejazwa lita 3 za maji yaliyochanganywa na gramu 30 za sodiamu metabisulfaiti, dawa ya kuhifadhi utando, likafungwa pande zote. Kule, mashine iwashwe maji ya bahari yanapojaa horini, kwani yakitoka hubeba tope la mikoko na filta ya mikroni 5 huziba upesi. Maji ya nusu saa ya kwanza yamwagwe, dawa iishe. Baada ya hapo, kipimo cha chumvi kikisoma chini ya miligramu 500 kwa lita, bomba ligeuzwe kwenye tangi. Jerikeni tatu za lita 20 zitabaki zimejaa daima, hata mashine ikifanya kazi vizuri.