Kiraka ubavuni mwa joka

Joka lililoloa lilikuwa lile la kijani. Liligunduliwa saa nane usiku, katika chumba cha nyuma ya jukwaa la hekalu dogo la Kishinto nje ya mji wa Hamada, mkoa wa Shimane, Japani, Oktoba ya 2017. Mvua ilikuwa imeanza jioni, wakati majoka manne ya karatasi yakishushwa kutoka kwenye kirikuu, na turubai likateleza bila mtu kuona. Maji yakapenya kwenye mikunjo ya upande mmoja. Kufikia saa hiyo kipande cha kama mita 2 kilikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai, na ngoma ya joka ilikuwa imepangwa kuchezwa saa kumi alfajiri.

Nilikuwa mwanafunzi Hiroshima, nimekuja kwa basi, mwendo wa saa 2 hivi kuvuka milima. Usiku ule nilikabidhiwa bakuli la gundi, na kwa sababu hiyo niliona kwa karibu jambo ambalo watazamaji hawalioni.

Joka la kagura, ngoma ya ibada ya Kishinto, kama inavyochezwa Iwami, upande wa magharibi wa Shimane, ni mianzi na karatasi, basi. Pete za mianzi hupangwa kwa mfuatano na kuvikwa karatasi ya washi, inayotengenezwa huko huko Iwami kwa maganda ya kozo, mti wa ukoo mmoja na mforosadi. Urefu wake ni kama mita 17, uzito wake unapita kilo 12, na mchezaji ni mmoja tu, kuanzia kichwa hadi mkia. Wazo lilitokana na zile taa za karatasi zinazokunjika, enzi ya Meiji (1868 hadi 1912). Ukilivuta joka linafunguka. Ukiliachia linajirudi lenyewe. Kujirudi huko ndiko kunakolitia uhai. Karatasi ikiloa, pete hazirudi: mchezaji anazungusha mkono, mwili unafuata kwa kuchelewa, mkia unabaki umelala sakafuni, na mwenzake anayerudi kinyumenyume ndani ya moshi anaukanyaga. Hapo karatasi huchanika kwa kuzunguka pete, na mpasuko ukishaanza haukai mahali pamoja.

Mzee aliyeongoza kikundi alikuwa na njia rahisi, kuingia jukwaani na majoka matatu. Hekaya inayochezwa inasema joka lilikuwa na vichwa nane. Kumbi kubwa hutoa majoka nane, majukwaa ya vijijini huridhika na manne kwa sababu ya nafasi. Matatu? Mzee alitikisa kichwa. Alisema kwa matatu fundo la mwisho halifungiki, maana majoka husukana mawili mawili kabla ya kuunganishwa yote pamoja. Akamtazama mpiga filimbi.

Mpiga filimbi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, na mchezaji wa joka la kijani alikuwa mumewe, mvuvi. Alikuwa ameketi pembeni amevaa suruali nyeupe ya kuchezea, mikono magotini, kimya. Mkewe alivua soksi nyeupe za jukwaani, akapiga magoti kando ya joka.

Hatua ya kwanza haikuwa gundi. Tuliweka mianzi miwili juu ya viti, tukalilaza joka juu yake ili kipande kilicholoa kisibebe uzito wowote. Akakandamiza kitambaa kikavu juu ya karatasi, akikiinua na kukiweka tena, bila kusugua hata mara moja. Ukisugua washi iliyoloa, nyuzi zinavingirika na kutoka kama uchafu wa kifutio, na rangi ya magamba inaondoka nazo. Kisha akapitisha vidole ndani, pete baada ya pete. Tano zilikuwa zimeachana na karatasi. Akazifunga kwa uzi, mafundo madogo yaliyotazama ndani, kwa sababu fundo la nje hunasa kwenye pete ya jirani joka likijikunja.

Halafu viraka. Alichora mstari kwa brashi yenye maji juu ya karatasi mpya, akasubiri kidogo, akaichana kwa mikono kufuata ule unyevu. Mkasi ulikuwepo, hakuugusa. Karatasi iliyochanwa hivyo hubaki na ndevu za nyuzi pembeni, na ndevu hizo ndizo zinazoshikana na karatasi ya zamani. Kiraka cha mkasi kina ukingo mkali, na joka likikunjwa mara ya kumi, hupasuka pale pale kwenye ukingo.

Gundi niliyokoroga ilikuwa nzito. Alichovya kidole, akaongeza maji mara mbili, mpaka ikawa kama uji wa mgonjwa. Gundi nzito hushika haraka lakini ikikauka inakuwa gamba, na gamba halikunjiki. Alibandika kwa ndani, akipapasa kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Kukausha kulifanywa kwa mashine ya nywele iliyowekwa kwenye joto la chini kabisa, umbali wa mkono mzima. Ikisogezwa karibu, kiraka hukauka kabla ya karatasi iliyokizunguka, kinajikaza, na ubavu wa joka unapinda upande mmoja daima.

"Mama, itashika?" mumewe aliuliza. Huko, mtoto akishazaliwa, mume humwita mkewe mama, kama kwetu.

"Usilivute kulia mpaka kwenye mapipa," alimjibu.

Ilibaki kusubiri. Katika kusubiri huko mzee alinisimulia hekaya yenyewe, ingawa nilikuwa naijua, na namna alivyoisimulia ndiyo ninayoikumbuka. Hakuanza na joka. Alianza na vijiti vya kulia.

Susanoo, mungu wa dhoruba, alifukuzwa juu mbinguni kwa vurugu zake. Alivunja kingo za mashamba ya mpunga, akamtupa farasi aliyechunwa ngozi ndani ya nyumba ya ufumaji, hata dada yake, Amaterasu, mungu wa jua, akajificha pangoni na dunia ikawa giza. Akashukia Izumo, kando ya mto Hi, na hapo akaona kijiti cha kulia kikielea. Akajua kuna watu mtoni juu. Alipopanda akawakuta mzee na bibi wakilia, binti yao katikati. Walikuwa na mabinti nane; kila mwaka joka lilikuja na kumla mmoja, na sasa alibaki Kushinada. Kojiki, kitabu kilichokamilishwa mwaka 712, kinasema joka hilo lilikuwa na macho mekundu, vichwa nane na mikia nane, miti imeota mgongoni mwake, na mwili wake ulifunika mabonde nane na vilima nane.

Susanoo aliomba kwanza kumwoa binti. Wazazi walikubali walipojua yeye ni nani. Akamgeuza Kushinada kuwa kitana, akamchomeka kwenye nywele zake, kisha akaagiza pombe iliyopikwa mara nane na ua wenye milango minane, kila mlango na pipa lake. Joka lilikunywa, likalala, likakatwakatwa. Kwenye mkia upanga wake uliingia pengo: ndani mlikuwa na upanga mwingine, ule unaohesabiwa hadi leo miongoni mwa hazina tatu za wafalme wa Japani.

"Wageni husema ni hadithi ya upanga," mzee alisema. "Sisi tunasema ni hadithi ya ua." Baada ya ushindi Susanoo alitafuta mahali pa kuishi na mkewe, akafika Suga, akaona mawingu yakipanda, akatunga shairi linalohesabiwa kuwa la kwanza la waka, shairi la Kijapani la mistari mitano. Alinihesabia kwa vidole: 5, 7, 5, 7, 7. Nikamwambia hata kwetu mshairi huhesabu mizani, na shairi likipungua mizani moja watu hulikataa. Alifurahi sana, akanitaka nilitie kwa lugha yangu pale pale. Sikuweza usiku ule. Nililipata miezi baadaye, mizani 31 kamili:

Mawingu tele,
nyua nane Izumo;
mke akae
najenga nyua nane,
ah, nyua hizo nane!

Saa kumi ilipofika, karatasi ilikuwa kavu kwa juu na baridi kidogo kwa ndani. Mpiga filimbi alivaa soksi zake, akaenda kuketi na wenzake. Vyombo vya kagura ni vinne: ngoma kubwa, ngoma ndogo, matuazi na filimbi. Iwami ina midundo miwili mikuu, ule wa sita ulio wa polepole, wa zamani zaidi, na ule wa nane unaokimbia. Kikundi kile kilicheza wa nane. Inasemwa mwendo uliongezeka baada ya serikali ya Meiji kuwazuia makuhani wa mahekalu kucheza kagura, ngoma ikaangukia mikononi mwa wakulima na wavuvi. Vinyago vyepesi vilisaidia. Cha mbao kinachosha shingo, wakati cha Iwami hujengwa kwa matabaka ya washi juu ya umbo la udongo, gundi yake imechanganywa na maji machungu ya tunda la kaki, na karatasi ikishakauka udongo huvunjwa kwa nyundo ya mti, ukabaki uso mtupu wa karatasi.

Niliangalia nikiwa nyuma ya pazia, kwa hiyo niliona migongo. Majoka yaliingia na moshi. Binti aliketi nyuma ya mapipa. La kijani lilikwenda kushoto, kushoto tena, kama lilivyoagizwa, na anayelijua lile pambano angeona kwamba mizunguko yake ilikuwa mifupi. Mchezaji alikuwa ameshusha magoti chini sana ili asiuinue ubavu wenye kiraka. Ni mkao unaochoma mapaja hata kwa dakika 5, naye alikaa nao zaidi ya nusu saa. Filimbi ilikuwa ikimngoja. Kila alipohitaji pumzi moja ya ziada kugeuza mkia, mkewe aliirefusha sauti ya mwisho ya mstari, na ngoma zikamfuata filimbi. Nadhani hakuna aliyetambua ila waliokuwa jukwaani.

Vichwa vilipozama kwenye mapipa ndipo alipoliachia joka kulia. Fundo likafungwa, manne, rangi nne, likasimama kama mnara, cheche zikatoka vinywani. Kiraka kilionekana mara moja, cheupe, kwa sababu hatukuwa na muda wa kupaka rangi. Mtoto mmoja mbele alikinyooshea kidole. Hakikuachia.

Susanoo alivikata vichwa kimoja kimoja. Mchezaji aliyekatwa huliacha joka sakafuni na kutambaa hadi nyuma ya pazia, na mvuvi alitokea mbele yangu amelowa jasho, akaketi, akafumba macho kusikiliza. Ngoma ya furaha ya mwisho ilikuwa inaanza. Watu wengi huondoka hapo, joka likishakufa. Yeye alibaki mpaka filimbi iliponyamaza.

Kulipokucha mvua ilikuwa imekata. Mke na mume walilikunja joka kuanzia mkiani, pete juu ya pete, mpaka mita zote zikawa rundo la kukumbatiwa na mtu mmoja. Walipofika kwenye kiraka mke alisimamisha mkono wa mumewe, akaingiza karatasi kavu katikati ya mikunjo ili unyevu uliobaki usigandishe pete kwa pete, kisha wakaendelea hadi kichwani. Safari hii turubai lilifungwa kwa kamba mbili, na mume akapanda nyuma ya kirikuu, amelikumbatia.