Ukuta Unaotoka Jasho

Mwezi wa kumi na moja uliopita mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alinipigia simu ya video usiku, sauti ameishusha kama anayeficha jambo. "Dada, hebu angalia hapa." Akasogeza kabati la nguo, akamulika ukuta kwa tochi ya simu. Nyuma ya kabati palikuwa na doa jeusi, upana wake kama sinia la pilau, na kandokando yake vidoa vidogo vidogo kama masizi yaliyorushwa kwa brashi. Gauni la kitenge aliloshonewa Tanga kwa harusi ya kaka yake lilikuwa limeota ukungu mgongoni. Ana miezi mitatu tu hapa Leeds, Uingereza, anafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku, na mwanawe wa miaka minne alikuwa anakohoa wiki ya pili.

Nikamwambia usiku ule asimlaze mtoto chumba kile. Asubuhi nikapanda basi nikaenda. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomwonyesha siku ile, na mengine niliyojifunza kwa miaka kumi na miwili ya kupanga nyumba katika nchi hii. Mimi hakuna aliyeniambia, na baridi ya kwanza nililala na koti huku godoro linalowa chini yangu.

Anakaa Harehills, mtaa wa hapa Leeds, kwenye zile nyumba za matofali zilizojengwa mgongo kwa mgongo. Leeds zimejaa, walizijenga mpaka mwaka 1937. Ukuta wako wa nyuma ndio ukuta wa nyuma wa jirani, kwa hiyo hakuna mlango wa uani wala dirisha la nyuma. Upepo unaoingia kwa mbele hauna pa kutokea. Kuta za nje nazo ni tofali tupu, hazina uwazi katikati wa kuzuia baridi.

Sisi watu wa pwani unyevu tunaujua. Tanga chumvi inalowa ndani ya kopo, na masika viatu vya ngozi vinaota ukungu chini ya kitanda. Lakini nyumba zetu zinapitisha upepo. Madirisha ya nyavu yapo wazi mchana kutwa, mlango wa mbele unatazamana na wa uani, na jiko liko uani. Mvuke wa maharage unakwenda zake. Huku unapika, unaoga, unafua, unalala na kupumua ndani ya sanduku lililofungwa kila upande, na maji yote hayo yanabaki ndani na wewe. Chupa ya soda ukiitoa kwenye friji inatoka jasho. Ukuta wa nje wa nyumba ya Leeds mwezi wa Januari ni chupa ile ile: hewa yenye joto na mvuke ikiugusa, inageuka maji. Na nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, hewa haipiti kuyakausha. Ukungu unaanzia hapo.

Kwa hiyo tulianza na kabati. Tukalivuta kutoka ukuta wa nje, tukaacha nafasi ya kiganja kizima, kisha siku ya pili tukalihamishia ukuta wa ndani kabisa. Kitanda vivyo hivyo.

Halafu madirisha. Juu ya fremu kuna tundu jembamba lenye kifuniko cha kusukuma, la kupitisha hewa kidogo kidogo. La kwake lilikuwa limezibwa kwa soksi na mpangaji aliyetangulia, na yeye akaliacha akidhani anaokoa joto. Tukalizibua. Mama yangu alinifundisha, kabla sijajua kusoma, kwamba asubuhi unafungua madirisha kwanza ndipo unafagia. Nilipofika Ulaya nikaiacha desturi hiyo kwa kuogopa baridi, na nikakosea. Dakika kumi asubuhi, madirisha wazi kabisa na milango ya vyumba wazi, zinatosha kutoa hewa nzito ya usiku. Kuta na vitu vya ndani havipoi kwa dakika kumi. Kinachotoka ni hewa, na hewa kavu inayoingia inapata joto haraka. Kabla ya hapo chukua kitambaa ufute maji yaliyolala kwenye vioo, ukakamulie kwenye sinki. Siku ile tulikamua nusu kikombe cha chai kutoka dirisha moja la chumbani.

Nguo ndizo zilizomponza zaidi. Mdogo wangu ana sare za kazi na nguo za mtoto, anafua karibu kila siku, na alikuwa anazitandaza juu ya redieta, lile bati la ukutani la kupasha joto, chumbani wanakolala, mlango umefungwa. Mfuo mmoja wa nguo mbichi unaweza kuachia lita mbili za maji hewani. Piga hesabu ya wiki. Kwanza, mashine ya kufulia ipe kazi ya kukamua: ukimaliza kufua, zikamue tena peke yake kwa mizunguko 1,400 kwa dakika kama mashine yako inafika huko. Pili, chagua chumba kimoja cha kuanikia, bafuni ni bora, washa feni ya kuvuta hewa au fungua dirisha kidogo, na mlango uufunge. Redieta usiifunike, maana nguo zinazuia joto lisiingie chumbani.

Ukiweza kuweka akiba, nunua mashine ya kunyonya unyevu. Ndogo inakula kama wati 200, maana yake ikiwaka kwa muda wa saa tano ni yuniti moja, na yuniti ya umeme mwishoni mwa 2025 ilikuwa kama peni 26. Nilimwazima yangu. Tuliiwasha bafuni na nguo zake usiku, asubuhi ndoo yake ilikuwa imejaa maji, akakaa anaitazama kimya. Maji yale siku zote yalikuwa yanaingia ukutani.

Jikoni hapahitaji maneno mengi. Sufuria ifunikwe. Maharage yaloweke usiku, yaive haraka, maji ya kulowekea uyamwage. (Na kwa jina la Mungu, maharage mekundu usiyatie mabichi kwenye zile sufuria za umeme zinazopika polepole kutwa nzima. Yana sumu inayotaka mchemko mkali wa dakika kumi, na moto mdogo hauiondoi.) Ukisonga ugali, mlango wa jikoni uwe umefungwa na dirisha wazi kidogo, ili mvuke usikimbilie vyumbani. Maji ya chai chemsha mara moja, jaza chupa ya chai. Chupa zetu zile za maua zinafaa huku kuliko hata nyumbani. Birika la umeme linalowashwa mara kumi kwa siku linaonekana kwenye mita.

Na mita ndiyo nitakayokaa nayo kidogo, kwa sababu inatudanganya sisi tuliozoea LUKU, mita ya Tanzania ya kununua umeme kabla. Nyumbani ukinunua yuniti ukasafiri mwezi mzima, unarudi unazikuta. Mita ya huku ya kulipia kabla inakata ada ya kila siku, utumie usitumie, ya umeme peke yake na ya gesi peke yake. Mdogo wangu hakuwa ameweka gesi tangu alipohamia, mwezi wa nane. Alijiambia joto bado lipo, atasubiri baridi. Alipokuja kuweka pesa mwezi wa kumi na moja, sehemu kubwa ilikwenda kulipa siku zote zile, na alichoona kwenye kioo cha mita ni pauni chache. Akadhani mita mbovu, akaacha gesi, akanunua hita ya kuchomeka kwenye umeme.

Hita ile ni ya wati 2,000. Saa moja ni yuniti mbili, kwa bei ile zaidi ya nusu pauni. Usiku mmoja, ikiwaka saa nane mfululizo, ilikuwa pauni nne na ushee, kwa chumba kimoja. Gesi wakati huo ilikuwa kama peni 6 kwa yuniti, karibu robo ya bei ya umeme, na boila, ule mtambo wa gesi wa kuchemsha maji ya redieta, inapasha nyumba nzima. Kwa hiyo dada na kaka unayefika leo: hata kiangazi, weka pauni chache za gesi kila wiki, deni lisijikusanye kimyakimya. Na siku unayokabidhiwa ufunguo, kabla hujashusha begi, piga picha mita zote mbili, namba zisomeke na tarehe ionekane. Deni la aliyekutangulia si lako, lakini bila picha utahangaika kulithibitisha.

Tulipowasha boila haikukubali. Kwenye saa yake ya mgandamizo mshale ulikuwa umelala chini ya 1. Unatakiwa kusimama kati ya 1 na 1.5 boila ikiwa imepoa. Chini yake kuna mpira au bomba dogo lenye vali; ukifungua taratibu unasikia maji yanaingia, mshale unapanda, unafunga. Kama maelekezo ya boila yako huyaelewi, au mshale unashuka tena baada ya siku mbili, mwite mwenye nyumba. Ni wajibu wake. Redieta ya chumbani ilikuwa ya moto chini na baridi juu, hewa imejifungia ndani. Kuna ufunguo mdogo unaouzwa kwa pauni moja hivi. Zima boila, subiri redieta ipoe, shika kitambaa, zungusha kidogo ule msumari wa juu pembeni, inapiga mluzi, maji yakianza kudondoka funga. Kisha tazama tena ule mshale wa boila.

Joto liweke nyuzi 18 hadi 20, na lisipande na kushuka sana. Kupandisha themostati, kile kidhibiti joto, mpaka 30 hakuharakishi joto, kunachoma pesa tu kwa sababu boila haitajua pa kuishia.

Udi sasa. Najua hatuachi, na mimi siachi. Mkaa unaowaka ndani ya nyumba iliyofungwa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wanakufa usingizini. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa limefifia, hata umeme ukikatika. Kwa udi tumia chetezo cha umeme. Kengele ya moshi ikilia usiichomoe betri, fungua dirisha. Na kama una boila ya gesi, hakikisha kuna kengele ya hewa hiyo ya sumu. Hapa England tangu Oktoba 2022 mwenye nyumba anatakiwa kisheria kuiweka penye boila. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, fungua madirisha, toka nje, piga namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999.

Doa lenyewe tuliliosha kwa dawa ya ukungu ya dukani, glavu mkononi, pua imefungwa, dirisha wazi, mtoto yuko kwa jirani. Usilipige brashi likiwa kavu, unga wake unatawanyika. Na usichanganye jiki na siki wala na dawa nyingine yoyote.

Lakini kuna jambo limenikaa moyoni. Mdogo wangu alikuwa ameshamwambia wakala wa nyumba, kwa mdomo, mara mbili. Alijibiwa kwamba anaanika nguo nyingi mno na anapika sana, basi apake rangi. Akanyamaza. Anaogopa kwamba ukilalamika inafika uhamiaji.

Nikamsimulia habari ya Awaab Ishak. Alikuwa mtoto wa wazazi wa Kisudani, huko Rochdale, si mbali na sisi. Nyumba yao ilijaa ukungu, baba yake alilalamika kwa miaka, akaambiwa apake rangi. Mtoto alifariki Desemba 2020, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili, na Novemba 2022 uchunguzi wa kifo chake ukaamua kwamba ukungu wa nyumba ile ndio uliomuua. Sheria inayobeba jina lake imeanza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025: kwenye nyumba za kijamii, yaani zile za halmashauri na mashirika ya makazi, hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu na ukungu wenye madhara uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Hivi ninavyoandika bado haijawafikia wapangaji wa watu binafsi, ambako wengi wetu tuko. Lakini halmashauri ya jiji ina watu wa afya ya mazingira, wanakuja kukagua nyumba ya mtu binafsi, na wana nguvu ya kumwamuru mwenye nyumba atengeneze. Kuomba ukuta utengenezwe si kupokea msaada wa serikali. Hakugusi viza yako.

Tukaandika barua pepe pale pale mezani. Picha sita zenye tarehe, tarehe za zile mara mbili alizosema kwa mdomo, kikohozi cha mtoto na siku aliyopelekwa kwa daktari, na mstari wa mwisho kwamba nakala itakwenda halmashauri baada ya siku 14. Lugha ya adabu, haina tusi hata moja.

Siku ya kumi na moja akaja fundi na ngazi. Alipanda nje, akakaa juu kidogo, akashuka akasema mfereji wa maji ya mvua umepasuka juu ya chumba kile kile, na mvua yote inateremkia kwenye tofali. Basi jasho la ndani lilikuwepo, ndiyo, na tumelipunguza, lakini mwanamke aliyelaumiwa kwa kupika alikuwa analala upande wa pili wa bomba la mvua. Mfereji umebadilishwa, na feni ya bafuni iliyokuwa imekufa imewekwa mpya.

Sasa hivi akirudi zamu saa moja asubuhi anafungua madirisha kabla ya kuvua koti. Gauni la kitenge tumelifua mara mbili kwa maji ya moto; doa moja dogo mgongoni limegoma kutoka. Alilivaa Krismasi hivyo hivyo, na mtandio juu.