Chuma cha Rangi ya Jivu

Jumamosi vijana walikuwa nyuma ya nyumba wakibabua kichwa cha mbuzi kwa moto wa gesi, kwa ajili ya supu. Harufu ya manyoya yanayoungua ikapita dirishani hadi jikoni. Mama watoto akaacha kukata kitunguu. Nami nikasimama pale pale. Tukatazamana bila kusema kitu, maana sote wawili tulikuwa tumeshafika zizini kwa baba yake.

Binti yetu akaingia, kaziba pua kwa kanga. "Mbona mmenyamaza?"

"Ni harufu ya babu yako," mama yake akamwambia.

Akafikiri kidogo. "Babu alikuwa kauboi wa kweli?"

Wa kweli, nikamjibu, nikarudi kwenye sufuria. Lakini hilo neno "kweli" halijanitoka tangu siku hiyo.

Ilikuwa Aprili 2011. Waliokuwa Texas mwaka ule hawajausahau. Mvua zilikata, nyasi zikakauka zikawa mabua, na karibu kila kaunti ikapiga marufuku moto wa nje. Mzee, baba mkwe wangu, alikuwa na ng'ombe 80 hivi kwenye ardhi yake karibu na mto Brazos, na bwawa lake la kunyweshea lilikuwa limebaki kidimbwi katikati ya tope lililopasuka.

Mimi nilikuwa kwenye sura ya nne ya riwaya. Ile ile ninayoihangaikia hadi leo, inayomhusu babu yake Mzee. Alizaliwa mtumwa huku huku Texas, na habari ya uhuru ilipotangazwa Galveston tarehe 19 Juni 1865 alikuwa kijana wa miaka kama 15. Kazi aliyoijua ni ng'ombe. Basi akaajiriwa kuswaga mifugo ya watu kwenda kaskazini, Kansas, ambako kuanzia 1867 walikuwa wakipakiwa kwenye treni pale Abilene. Hakuwa peke yake. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika kila makauboi wanne wa enzi ile, mmoja alikuwa mweusi. Mmoja wao, Bose Ikard, alizaliwa mtumwa Mississippi. Baada ya uhuru aliswaga ng'ombe miaka minne na mfugaji mashuhuri Charles Goodnight, ambaye alimwamini hata kumbebesha fedha za mauzo. Ikard alipofariki mwaka 1929, Goodnight, mwenyewe akiwa amepita miaka 90, alimwekea jiwe kaburini, mjini Weatherford, Texas, na kuandika juu yake kwamba mtu huyu hakuwahi kukwepa kazi. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video hatukuambiwa hayo. Kauboi tuliyemjua ni mzungu mwenye kofia na bastola mbili.

Nilipomsimulia babu yangu mzaa baba kwa simu, kule Kishapu, Shinyanga, nikamwambia ng'ombe 2,500 kwa safari moja, watu 10 au 12, miezi miwili au mitatu njiani. Hakuuliza habari ya bastola. Aliuliza, "Maji walinyweshea wapi?"

Swali hilo lilitakiwa linizindue. Halikunizindua.

Usiku ule nilimsomea Mzee ile sura mezani, nikimtafsiria sentensi kwa sentensi. Alisikiliza akiwa amefumba macho, mikono juu ya meza. Nilipofika mahali ambapo kijana anapiga ndama chapa, nilisoma kwa fahari, maana niliipenda sentensi yangu: chuma kilitoka motoni chekundu kama jua la magharibi, akakikandamiza pajani hadi moshi ukapanda.

Mzee akafumbua macho. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kesho amka saa kumi na moja," akasema, akaenda kulala.

Kuni zilikuwa marufuku, kwa hiyo chuma tulikipasha kwa jiko la gesi lenye mdomo mrefu, linalonguruma kama gari bovu. Ndama walishatengwa na mama zao, na mama zao walikuwa wamejipanga nje ya ua wakilia. Mzee akachomoa chuma. Kilikuwa chekundu kabisa.

"Hiki ni cha kwako, cha kwenye kitabu," akasema.

Juu ya ua alikuwa ametundika kipande cha ngozi kuukuu ya ng'ombe, bado ina manyoya. Akagusisha. Manyoya yakashika moto, ndimi zikakimbia pande zote mbili, na alipoondoa chuma palibaki doa jeusi lenye kingo zilizoliwa. Huwezi kujua ni herufi au ni kidonda. Akaniambia ndama angeumia bure, na miaka mitatu baadaye alama isingesomeka. "Mwizi ndiye anayeipenda chapa ya namna hii."

Kisha akakishusha chuma, akasubiri. Nami nikasubiri. Wekundu ukaanza kurudi nyuma kutoka kwenye kingo, ukawa wa zambarau iliyofifia, halafu ikaja rangi ambayo sikuwa nimewahi kuiona juu ya chuma: ile ya jivu laini la juu, lile unalolipuliza asubuhi kutafuta kaa lililo hai.

"Sasa," akasema, akanipa mpini.

Ndama alikuwa ameshalazwa. Kijana wa jirani alikaa nyuma yake, kavuta mguu wa juu, kausukuma wa chini kwa kiatu. Mama watoto, siku hizo bado hajawa mama wa mtu, alikuwa amepiga goti shingoni pa ndama, nywele kafunga kitambaa, macho ameyaelekeza kwangu. Manyoya ya ndama yalikuwa makavu, na Mzee aliyapangusa kwa kiganja kwanza kuhakikisha, kwa sababu ngozi yenye unyevu hutoa mvuke na mvuke huivuruga alama. Nikaweka chuma. Mkono wangu ulitaka kukandamiza.

"Usisukume. Chuma kina uzito wake. Kiyumbishe tu, kama unavyombembeleza mtoto."

Moja. Moshi mzito wa njano ukanipanda usoni, na harufu ile ile ya kichwa cha mbuzi. Mbili. Ndama akalia kwa sauti ambayo hakuna sentensi yangu iliyokuwa imeisikia. Tatu. Nikainua. Chini yake palikuwa na alama safi, ya rangi ya tandiko jipya, kingo zake zimenyooka. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na wekundu mahali popote.

Kabla sijashusha pumzi, Mzee alikuwa ameshatoa kisu kidogo. Akashika sikio la kushoto, akalikunja, akakata kipande kidogo cha pembetatu, akakitupa kwenye ndoo. Ndama akaachiwa, akakimbilia uani kwa mama yake. Mimi nilibaki nikitazama ndoo. Babu yangu Kishapu alikuwa akikata sikio hivyo hivyo, analikunja kwanza ili kisu kipite mara moja. Bahari yote ile katikati, na mkunjo ni mmoja. Jioni tulihesabu ndama kwa kuhesabu vipande vya masikio ndooni, na sikumwambia Mzee kwa nini nilihesabu polepole.

Mchana tulikula tumekaa nyuma ya pikapu. Nikamuuliza juu ya umbo la chapa yao, maana nilihitaji kuliandika. Ni herufi J iliyolazwa ubavu, na huku Texas chapa iliyolala husomwa hivyo hivyo, herufi "mvivu". Katika ukoo kuna maelezo mawili. Shangazi zake walisema yule babu wa kwenye riwaya hakujua kusoma. Alimwona mtu akichora herufi mchangani, yeye kasimama upande mwingine, akaichukua kama alivyoiona. Wajomba wakasema si herufi hata kidogo, ni kulabu, ile ya kutundikia sufuria kwenye gari la kukokotwa la chakula njiani, na kwamba aliinunua kulabu yenyewe kwa mshahara wake wa kwanza.

"Ipi ya kweli?" nikauliza.

Mzee alitafuna hadi akamaliza. "Baba yangu hakuniambia. Sitakuambia nisichoambiwa."

"Lakini mimi naandika hadithi, Baba. Lazima kijana afanye moja."

Akanitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika. Akafunika chakula chake, akasema ndama waliobaki ni 19, twende.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Majani ya kununua yakapanda bei, bwawa likakauka, na kufikia Agosti ng'ombe wote walikuwa wameuzwa mnadani, hata wale wenye alama yangu. Sheria ya Texas humtaka mfugaji aandikishe upya chapa yake kwa karani wa kaunti kila baada ya miaka kumi, na zamu ilikuwa mwaka ule ule. Mzee alivaa shati lake la kanisani, akaenda kuandikisha. Akajaza umbo la chapa, upande inapokaa, na alama ya sikio. Ng'ombe hakuwa na hata mmoja. Alifariki miaka mitano baadaye. Mwaka 2021 mama watoto alikwenda akaandikisha tena, kwa jina lake.

Mchapishaji mmoja alinitaka niongeze bastola. Nilikataa. Katika riwaya yangu bastola ziko ndani ya gari la chakula, zimefungwa kwenye gunia, kama Mzee alivyosimuliwa na baba yake. Sentensi ya chuma niliirekebisha usiku ule ule. Sentensi ya maji niliiandika baadaye, na babu yangu wa Kishapu aliisikia kabla hajafariki. Sura ya chapa ndiyo ninayo mara mbili. Katika moja kijana ananunua kulabu. Katika nyingine anainama juu ya herufi ya mtu mwingine mchangani, kutoka upande usio wake. Zote mbili nimezifanyia kazi kadiri ya uwezo wangu, na kila nikichukua moja nasikia Mzee akitafuna.

Jumamosi usiku, wageni walipoondoka, binti yangu alitaka kukiona chuma. Kiko gereji, nimekitundika ukutani. Nikakishusha, akakipokea kwa mikono miwili, maana ni kizito. Akapitisha kidole kwenye mkunjo wake, akakigeuza juu chini, akakigeuza tena.

"Ni nini hii?"

"Wewe unaona nini?"

"Ndoana," akasema, bila kusita.